Uzi wa Njano Kwenye Kola

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Maafa. Nimeona uzi wa njano kwenye kola ya shati la Fundi Kufuli.

Nieleze vizuri, maana nikija kusoma haya uzeeni, nikiwa mtu mzima mwenye heshima zangu, huenda nimesahau. Mama ni dobi. Nguo za watu zikiingia kwetu hushonwa alama ya uzi ndani ya kola au kwenye pindo, kila mteja na rangi yake, zisije zikachanganyika. Muuza nyama ni mwekundu. Mwalimu mkuu ni kahawia. Fundi Kufuli, yule wa kibanda cha kona mwenye viganja vikubwa kama sahani, ni kijani tangu siku ya kwanza alipoleta nguo zake. Njano ni yetu. Ni ya Mama, yangu, na ya mdogo wangu, tunayemwita Redio kwa kutonyamaza, basi. Hakuna mteja aliyewahi kupewa njano, hata wale wa tangu enzi na enzi.

Nilimwuliza Mama kwa sauti ya mtu asiyejali. Akasema uzi wa kijani umekwisha. Nikangoja aende kuanika, nikafungua kopo la nyuzi. Uzi wa kijani upo. Umejaa tele, haujaguswa.

Mama yangu mzazi amenidanganya kwa ajili ya uzi. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, kopo la nyuzi mapajani. Sijui kama nina hasira au nina hofu. Nadhani ni hofu.

Lazima uwepo mpango.

Jumanne, tarehe 4

Mpango upo. Kwanza sababu zake, ili nisije nikaonekana mtoto mkorofi.

Mama mkubwa, yaani dada yake Mama, husema kwamba Baba wakati wa uchumba alikuwa mpole mpaka watu wakamcheka. Eti alimbebea Mama beseni la nguo njia nzima. Mimi huyo mpole sikubahatika kukutana naye. Niliyemjua mimi akirudi kazini alitupa funguo mezani, na jinsi zilivyolia ndivyo tulivyojua jioni yetu itakuwaje. Zikilia taratibu, tunakula. Zikilia kwa kishindo, Mama ananisukuma chini ya meza ya pasi, shuka linaning'inia mpaka sakafuni, nami naziba masikio na kuuma pindo la gauni langu. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga.

Kwa hiyo upole wa mwanamume si ushahidi wa chochote. Na kati ya wanaume wote wa mji huu, Mama kaenda kumchagua anayetembea na shada la funguo kiunoni. Mtu ambaye kazi yake ni kufungua milango iliyofungwa. Tukimkimbia huyu, tutajifungia wapi?

Basi, mpango wenyewe. Kila mwanamume ana siku yake. Mimi nitaiita siku hiyo ije mapema, mlango ukiwa bado ni wetu. Nitamchokoza mpaka atoe makucha, na Mama aone kwa macho yake mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni wanga. Nimeuchemsha mzito kama gundi, nikachovya shati lake la kazi, nikarudia tena, na kwapani nikaongeza kwa makusudi. Lilipokauka lilisimama lenyewe ukutani. Redio aliliamkia shikamoo. Shati kama lile likimkwangua mtu kutwa nzima, hata malaika atatukana.

Alhamisi, tarehe 6

Kaja amelivaa. Hawezi kuinama. Akitaka kumtazama Mama inambidi ageuke mwili mzima, na shingo imekuwa nyekundu kama nyanya. Nilijificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa nje ya mlango wa nyuma, roho mkononi, nikingoja.

Akamwambia Mama kwamba tangu avae shati lile watu wanamwita mheshimiwa. Benki wamempisha kwenye foleni. Anaomba mashati yake yote yafanyiwe hivyo hivyo, na angependa kujua ni mkono wa nani. Mama akaninyooshea kidole kwa fahari. Sasa nina lundo la mashati ya kutia wanga, na hongera juu.

Halafu akavua funguo kiunoni, akaziweka juu ya meza ya pasi. Niwe mkweli, aliziweka tu. Lakini chuma ni chuma na mbao ni mbao. Niliruka nyuma, nikajikwaa. Nikashika kamba ya nguo nisianguke, kamba ikakatika, na mashuka ya mwalimu mkuu yakaenda chini yote, meupe pe, kwenye tope.

Mama hakunigombeza. Nilimwona. Alikuwa ameinua pasi hewani, na hakuishusha mpaka mlio ule uliponyamaza.

Redio yeye hana habari. Tulipoondoka kwa Baba alikuwa mtoto mchanga mgongoni, kwake funguo ni mwanasesere. Alizirukia, akaanza kuuliza huu wa wapi na huu wa wapi. Fundi Kufuli akamweleza mmoja mmoja bila kuchoka. Kisha akachukua waya mwembamba akafungua kasha letu la zamani ambalo ufunguo wake ulipotea, akiwa anaongea habari nyingine kabisa. Hakulitazama hata. Redio alipiga makofi. Mimi nilijifungia chooni, kisha nikakumbuka kwamba kwa mtu yule kitasa cha choo ni mchezo wa mtoto, nikatoka.

Namwonea wivu Redio mpaka namchukia kidogo. Nimeanza kuegemeza kiti nyuma ya mlango wa chumba chetu. Anadhani ni mchezo mpya.

Jumamosi, tarehe 8

Nimetenda dhambi kubwa kuliko zote katika kazi yetu. Nilibadilisha nyuzi.

Suruali ya Fundi Kufuli ikapata uzi mwekundu. Ya muuza nyama, ambayo wanaingia watu wawili na mzigo wao, ikapata wa njano. Mkono ulinikataa kushona njano kwenye suruali ile, lakini vita ni vita. Mama hutenga nguo kwa kutazama uzi, haangalii sura wala ukubwa, macho yake yamezoea hivyo. Akafunga vifurushi, nami nikavipeleka huku nimejitia hamnazo.

Asubuhi hiyo Fundi Kufuli aliitwa kufungua sefu kwenye ofisi fulani, mbele ya wakubwa. Redio ana habari zote, alizipata kibandani. Eti alipopiga magoti, suruali ilichelewa kidogo kumfuata. Akaikaza kwa waya, akamaliza kazi, akaja kwetu akicheka mpaka machozi. Akamwambia Mama kwamba kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na nafasi ya kupumua.

Niliyemsahau ni muuza nyama. Yeye hakucheka. Alijaribu kuingia kwenye suruali ya mwenzake na suruali ikapasuka mbele ya wateja. Akaja akasimama mlangoni petu, amejaza mlango wote, anafoka kwamba tumemdhalilisha, anagonga fremu kwa kiganja.

Mama alikuwa na beseni mikononi. Hakuliangusha. Aliliweka chini polepole sana, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa meza ya pasi, na mkono wake mmoja ukaanza kuinua lile shuka linaloning'inia. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mimi nilijua.

Fundi Kufuli, aliyekuwa bado yupo kwetu, akamshika muuza nyama mkono kama anayemsalimia, akamtoa nje, wakaongea. Mara nikawasikia wanacheka wote wawili. Muuza nyama alirudi kuomba radhi kwa kelele. Mama akasema si kitu, akaenda nyuma, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Muhtasari: nimempa adui yangu nafasi ya kuwa shujaa, na Mama nimemtia kiwewe mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Najisikia vibaya sana. Mtu mwingine angeacha. Mimi naona tatizo ni kwamba nilichokoza kidogo mno.

Jumapili, tarehe 9

Mama mkubwa kaja na mkoba wake na maoni yake. Alikaa kwenye kiti changu. Akatangaza kwamba Fundi Kufuli amemwomba Mama waoane, na Mama atajibu Jumamosi ijayo.

Mimi sikuambiwa. Redio alikuwa anajua tangu wiki iliyopita, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alinyamaza. Amehongwa ufunguo wa shaba usiofungua chochote. Anauvaa shingoni. Anasema Mama amekuwa akifanya mazoezi ya kusema ndiyo mbele ya kioo, na kwamba mara nyingine inamkwama.

Mama mkubwa akanivuta pembeni, karibu na tangi la maji. Kwamba mimi sasa ni binti mkubwa. Kwamba kesho keshokutwa nitaondoka, Redio naye atafuata, na Mama atabaki na beseni. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba sina mpango wa kuondoka. Akacheka, akasema hata yeye alisema hivyo kwa mama yake. Nilitaka kumkumbusha ni nani aliyemsifu Baba kwa upole. Sikuthubutu. Nadhani aliliona usoni pangu, maana ghafla alianza kutafuta miwani ambayo ilikuwa kichwani pake.

Hakuna anayezungumzia siku tuliyotoka. Nitaandika mimi, kwa kuwa ndiyo kiini cha yote. Mama alimwambia Baba anapeleka nguo za wateja. Alifunga vifurushi kama kawaida yake, viwili vikubwa na kimoja kidogo cha kwangu. Ndani hazikuwa nguo za wateja. Zilikuwa zetu, tena alikuwa ameshazishonea uzi wa njano siku kadhaa kabla, kidogo kidogo, ili azijue haraka kati ya nguo za watu na azichomoe bila kupekua. Baba alitusindikiza mlangoni. Akanipa hata kifurushi changu mkononi. Mama akaniambia nitembee kama siku zote na nisigeuke. Sikugeuka. Shingo iliniuma siku nyingi baadaye.

Ndiyo maana njano ni yetu. Haikuwahi kuwa rangi ya nguo. Na sasa ipo kwenye kola ya mtu mwenye funguo.

Jumatano, tarehe 12

Fundi Kufuli ameleta shati jeupe. Alilibeba mikononi kama mtu aliyebeba yai. Lilishonwa na marehemu mama yake kwa mkono, ndilo la mwisho kulishona kabla macho hayajamwishia, na mishono ya upande mmoja imepinda kwa sababu hiyo. Hajalivaa tangu msiba. Anataka kulivaa Jumamosi, akija kusikia jibu. Alimwomba Mama alipige pasi. Mama akasema nitapiga mimi, kwa kuwa mkono wangu ndio anaoupenda.

Nimelitazama shati lile kutwa nzima.

Najua ni ubaya. Sitajitetea kwamba sijui. Wanga ni utani na suruali ni utani, lakini hili si utani. Ila ndiyo maana linafaa. Mtu akichomewa shati la namna hii na bado akawa mpole, basi hana siku mbaya ndani yake. Na kama anayo, ni heri itoke leo nikiwa nimesimama hapa, kuliko ije kutoka mwakani nami niko mbali, na Redio ndiye aliye chini ya meza.

Nimeiacha pasi ikapata moto mpaka ikanuka. Nimeiweka mgongoni mwa shati. Nilifumba macho. Harufu ilinitoa machozi, nikaendelea kushikilia.

Alama imetoka kamili, sura yote ya pasi, kahawia kama chai. Nimelikunja alama ikiwa ndani. Kisha nikafungua madirisha yote, harufu itoke kabla Mama hajarudi. Kuanzia sasa nimekalia kuti kavu na nimelikata mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 14

Imetokea.

Fundi Kufuli alikuja baada ya kazi kuchukua shati. Mama alikuwa anakunja taulo. Redio alikuwa amekaa sakafuni. Mimi nilisimama karibu na dirisha, mahali nilipopachagua tangu asubuhi. Akaweka funguo mezani, akachukua shati, akalikunjua ili amwonyeshe Redio mishono iliyopinda. Akaliona.

Uso wake ulibadilika. Niliuona ukibadilika. Akauliza ni nani, na sauti ile sijawahi kuisikia kwake, ilitokea tumboni. Akapiga meza kwa ngumi. Funguo ziliruka juu, zikaanguka sakafuni kwa kishindo.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka giza na harufu ya blanketi la kupigia pasi lililoungua, na kwamba nilikuwa chini ya meza ya pasi, nimekunja magoti, meno yangu yako kwenye pindo la gauni. Na kwamba hapakuwa na nafasi. Mama alikuwamo. Alikuwa ameingia kabla yangu. Amejikunja na mikono juu ya kichwa, mtu mzima, dobi wa mtaa mzima, na kidole chake kimoja bado kina kibanio cha nguo. Tulitazamana.

Redio aliinuka, akabaki katikati ya chumba peke yake. Tukamsikia anamwuliza Fundi Kufuli huu ni mchezo gani, na kama na yeye anatakiwa ajifiche.

Halafu kupitia chini ya shuka nikaona zile sahani mbili za mikono zinashuka sakafuni. Nilidhani zinatufuata sisi. Zilikuwa zinaokota funguo. Alizikusanya polepole, akazifunga ndani ya lile lile shati jeupe ili zisilie, akavua viatu, akatoka pekupeku.

Redio alitutangazia kila kitu kutoka mlangoni, kama kawaida yake. Kwamba amekaa kwenye ngazi ya mbele. Kwamba ametupa mgongo. Kwamba anafuta macho kwa kiwiko. Kwamba ameulizwa kama anaondoka, akasema haondoki wala haingii, mpaka atakapoambiwa.

Mama ndiye aliyetoka kwanza. Akanipa mkono, akanivuta. Nilingoja anizabe kofi, na nadhani lingenisaidia. Aliniuliza kwa nini. Nikasema uzi wa njano. Maneno mengine yote niliyokuwa nimeyapanga tangu wiki jana yaliniishia, nikabaki na hayo matatu.

Akakaa juu ya lundo la taulo. Akasema alijua kuhusu wanga. Alijua kuhusu suruali, maana amefanya kazi hii kabla sijazaliwa na anaujua mshono wangu hata gizani. Alininyamazia. Nikamwuliza kwa nini aninyamazie. Akasema kwamba na yeye alikuwa anaingoja siku ya yule mtu, anaingoja kila akisikia funguo, ila yeye hakuwa na ujasiri wa kuharibu nguo ya mteja.

Kisha akasema lakini si ile nyeupe. Ile nyeupe haikuwa halali yangu. Hapo ndipo nililia.

Kwa hiyo nimeiona siku yake. Ile ndiyo yote. Ngumi moja juu ya meza, halafu mgongo kwenye ngazi. Nilidhani nikishaiona nitajua la kufanya, na sijui.

Jumamosi, tarehe 15

Mama alinituma kibandani kuomba radhi. Peke yangu. Nilipita njia ndefu, nikasimama kutazama kila dirisha la duka, nikasoma tangazo la viatu mpaka nikalikariri.

Kibanda kimejaa vitasa na makufuli hadi darini. Alikuwa ameinama kwenye mashine ya kuchongea. Akaniona, akaizima. Nikasema yote kwa mfululizo, bila nukta: kwamba ni mimi, kwamba nilikusudia, kwamba wanga na suruali pia ni mimi, kwamba samahani, kwamba Mama hakunituma niseme habari za suruali, hiyo nimeongeza mwenyewe.

Akasema anajua. Akasema bado ana hasira. Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayekwambia bado ana njaa. Kwamba ataendelea kuwa nayo kwa muda, maana shati lile halishoniki tena na aliyelishona hayupo, na kwamba ikiisha ataniambia, ila nisingoje iishe ndipo niingie. Akanisogezea kigoda.

Nilikaa. Niliogopa sana. Nilikuwa sijawahi kukaa karibu na mtu mzima mwenye hasira na bado nikawa naona vitu vingine, kwa mfano kwamba ana nywele za kijivu masikioni.

Akafungua droo akanipa kitu kizito kilichofungwa gazetini. Komeo. La chuma, jipya, kalichonga mwenyewe usiku wa jana kwa kuwa usingizi ulimkataa. Ni la mlango wa chumba chetu, mimi na Redio. Akanionyesha upande wake wa nje nitazame vizuri. Halina tundu la ufunguo. Linafunguliwa kwa ndani tu. Akasema hakuna fundi anayeweza kulifungua kutokea nje, wala yeye mwenyewe, na kwamba amejaribu.

Sikuweza kusema asante. Nilisema tu kwamba ni zito.

Jioni alikuja kusikia jibu, amevaa shati la kawaida. Kabla hajaingia alitafuta mahali kwenye fremu ya nje, akapiga msumari, akatundika funguo zake. Aliingia mikono mitupu. Mama alisema ndiyo. Ilimkwama kidogo kama Redio alivyosema, lakini ilitoka. Mama mkubwa alilia kwa sauti, na mara hii hakutoa maoni.

Kisha Mama akaniita mezani. Shati jeupe lilikuwa pale, alimwomba ngazini jana alipomwambia aende nyumbani, na ameshakata mgongo ulioungua na kuweka kipande cha gauni lake mwenyewe. Mishono iliyopinda hakuigusa. Ilibaki alama ya kola. Akanipa sindano na kopo la nyuzi, akasema nichague mwenyewe, hata kijani kipo.

Alijua kwamba nilichungulia kopo.

Nilishona njano. Nilijichoma kidole mara nyingi na mshono umepinda. Fundi Kufuli akautazama, akasema unafanana na ile ya mama yake.

Alhamisi, tarehe 20

Mimi ni mtu mpya. Nimemwapia Mama, nimemwapia Fundi Kufuli, nimemwapia Redio na ufunguo wake: sitampima mtu yeyote tena maisha yangu yote. Binadamu si kitambaa. Huwezi kumchovya kwenye maji ya moto ili uone kama atatoa rangi. Nimejifunza, na nimeliandika hili kwa mwandiko mzuri makusudi.

Kiti sikiegemezi tena mlangoni. Komeo limeshapachikwa mlangoni, linateleza kama siagi. Juzi Fundi Kufuli alipita kuniambia kwamba hasira imeisha, kisha akarudi kusema imebaki kidogo, upande wa juu.

Habari nyingine, isiyo na uzito. Jumamosi anakuja dada mkubwa wa Fundi Kufuli, ili atuone. Nitatakiwa kumwita shangazi. Redio ameshakusanya taarifa: kwamba ni mrefu, kwamba hacheki, kwamba ana sauti inayosikika mpaka barabara kuu, na kwamba ndiye aliyemlea Fundi Kufuli mama yao alipougua. Anasemwa ni mpole sana ukimzoea.

Mpole.

Ametanguliza gauni lake la bluu lipigwe pasi, alivae siku hiyo. Mama amenikabidhi mimi mbele ya watu wote, kuonyesha kwamba ananiamini. Nilishukuru. Nimelileta huku chumbani nilifanyie kazi kwa utulivu.

Ni gauni zuri. Silichomi, mimi si mnyama. Nimeliangalia tu kwapani. Na huyu hatumjui, na Mama ameshasema ndiyo, na sauti ya mtu inaweza kusikika mpaka barabara kuu kwa sababu nyingi. Wanga kidogo tu. Kijiko. Si kumpima, ni kutaka kujua.

Pasi nimeshaiwasha. Na komeo nimelifunga, Redio asije akanitangaza. Kweli halifunguki kutokea nje.